Makaa Juu ya Kifuniko cha Bi Mwanakheri

Mwanafunzi mgeni akifika chuo cha ualimu, kabla hajaonyeshwa kitanda chake huambiwa pa kula. Bwalo la chuo linajaza tumbo, basi. Kwa Rajnikant, pale njia panda, chai ni nzuri na bajia ni za moto, lakini bajia si chakula cha kumfikisha mtu jioni na vitabu vyake. Ukitaka kula mpaka usahau kwamba uko mbali na kwenu, nenda kwa Bi Mwanakheri, banda la makuti nyuma ya uwanja wa mpira.

Bi Mwanakheri hakuwa na meza wala kibao. Alikuwa na majamvi matatu, masinia sita na mdogo wake, Tabia. Miaka kumi na minne alipika katika nyumba ya tajiri mmoja wa mjini, akiitwa "we mpishi" kama kwamba hakuzaliwa na jina. Mapinduzi yalipokuja, aliapa kwamba mkono wake hautampikia tena mtu asiyemjua. Wanafunzi wote aliwajua: nani wa Uroa, nani hali pilipili, nani kafiwa na mama. "Hawa ndio watakaowasomesha watoto wetu," alisema. "Mwalimu mwenye njaa atafundisha nini, njaa?" Katika nchi inayojenga utu upya, mimi sijui kazi kubwa kuliko hiyo.

Lakini mwaka wa 1971 mchele uliadimika Unguja nzima. Watu walipanga foleni kwa kidogo cha mgao, na usiku mchele wa magendo ulivushwa kutoka bara. Aliyekamatwa nao alifungiwa biashara yake na kuitwa mbele ya kamati. Bi Mwanakheri alipika muhogo, ndizi na shelisheli, na hakuna aliyelalamika. Tabia tu ndiye aliyenung'unika.

"Shemeji yangu wa Fumba anao mchele, dada. Gunia moja tu."

"Hata punje moja haiingii humu. Umenisikia?"

"Nshasikia," alijibu Tabia, akageuza uso. Hiyo ilikuwa Jumatatu.

Jumatano asubuhi Bi Mwanakheri alikwenda Mwanakwerekwe kutafuta muhogo, akamwachia Tabia jiko. Aliporudi saa sita, kikapu kichwani, harufu ilimpokea kabla hajafika uwanjani: bizari nzima, mdalasini, kitunguu kilichokaangwa mpaka kikawa chekundu, pweza mkavu. Harufu ya pilau. Aliingia bandani mbio. Tabia hayupo. Jikoni sufuria kubwa imefunikwa, na juu ya kifuniko makaa yamepangwa, mekundu.

Muhogo haupaliwi makaa. Ndizi hazipaliwi. Unguja hii, mtoto wa miaka sita anajua kinachopaliwa makaa juu ni wali.

"Hodi hapa!"

Alikuwa Bwana Pandu wa kamati ya tawi, anaegemeza baiskeli yake kwenye nguzo. Alikuwa mtu mwenye haki, na hilo ndilo lililomtisha zaidi Bi Mwanakheri, maana mtu wa haki hahongeki.

"Karibu, ndugu Pandu. Karibu chakula."

"Ahsante, nshakula." Pandu alivuta pumzi kwa pua, akatazama makaa. "Harufu hii nimeipata tangu kwa Rajnikant, Bi Mwanakheri. Nani kapika?"

Jina la mdogo wake lilimfika mdomoni. Alimwona Tabia amesimama mbele ya kamati, na miaka yake ishirini na miwili, analia. Akalimeza.

"Mimi."

"Wewe? Na buibui bado liko mwilini?"

"Nilipika, nikatoka. Banda langu, sufuria yangu. Kilichomo ni changu."

Wanafunzi wa kwanza walikuwa wameshaingia, wamekaa jamvini. Muhiddin, wa mwaka wa pili, asiyeweza kunyamaza hata kwenye maziko, alisema, "Bwana Pandu, kama ni kesi, tuihukumu tukiwa tumeshiba."

Wenzake walicheka. Pandu hakucheka. Alisimama mbele ya jiko, mikono nyuma. Hakugusa kifuniko, kwa kuwa mwanamme wa heshima hafunui sufuria ya mwanamke katika jiko lake.

"Nifunulie, Bi Mwanakheri. Sipendi, lakini nifunulie."

Aliyaokota makaa kwa koleo, moja moja, akayarudisha jikoni. Aliwaza masinia sita, majamvi matatu, na vijana arubaini watakaorudi bwalo kesho. Akasema bismillahi, akainua.

Mvuke ukapanda. Ulipotoka, Pandu aliinama, na Bi Mwanakheri akainama naye. Ndani mlikuwa na chenga za rangi ya kahawia, nyepesi, zimeachana kama punje. Lakini hazikuwa punje. Zilikuwa na pembe, kubwa kwa ndogo. Bi Mwanakheri alichota kwa ncha ya upawa, akatia mdomoni.

"Makopa," alisema.

"Makopa gani?"

"Muhogo mkavu, umetwangwa chengachenga, umechekechwa. Onja mwenyewe."

Pandu alionja. Akatafuna polepole. Akaonja tena, safari hii bila kuambiwa.

"Nani kafunua!" Tabia alikuwa mlangoni, ndoo ya maji mkononi. "Bado! Yakipoteza mvuke hayaivi! Usiku kucha nimetwanga mie kwangu, leo asubuhi nimechekecha, halafu..." Akamwona Pandu. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti," alisema Pandu, ana aibu sasa. "Na makaa haya juu?"

"Bila makaa juu hayakauki. Wali gani huo unaokauka peke yake?"

Muhiddin alipiga jamvi kwa kicheko. Pandu alivua kofia yake, akajipangusa jasho, kisha akavua viatu na kukaa jamvini, sinia moja na Muhiddin. "Nilisema nshakula," alisema. "Nilikula asubuhi."

Bi Mwanakheri alikaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi. Alivua buibui. Alicheka, na machozi yakamtoka humo humo. Tabia alichuchumaa karibu yake.

"Dada, ulinidhania."

"Nilikudhania."

"Na bado ukasema umepika wewe? Muhiddin kashanieleza yote."

"Ulitaka niseme nini?"

Tabia aliufungua upande mmoja wa kanga yake, akampangusa dada yake uso, kisha akanyanyuka kupakua kabla chakula hakijapoa.