Mchango wa Harusi ya Bosi

Walikuja asubuhi, vijana wawili na mwanamke mmoja aliyevaa miwani ya jua. Nilikuwa kibarazani kwetu Ntalikwa, nashona sare za kwaya. Nikawakaribisha.

"Hatukuja kukaa," alisema yule mwanamke. "Tumefuata cherehani. Mumeo aliiweka dhamana."

Nikamwita mume wangu. Alitoka akiangalia chini, nikajua ni kweli. Alikuwa amekopa kausha damu, mikopo ile ya mtaani ambayo riba yake haina huruma.

"Ulikopa ya nini?"

"Mchango wa harusi," akajibu kwa sauti ndogo.

Bosi wake wa ghala la tumbaku alikuwa anaoza binti. Kwenye kikao kila mtu alitaja ahadi kubwa, naye akaona haya kutaja ndogo.

Nikaitupa chini sare niliyokuwa nashona. "Mwanetu anakwenda shule na kandambili, wewe unawanunulia bia watu wenye magari!"

Cherehani ile alininunulia mama yangu, kwa hela ya asali aliyorina katika misitu ya Usinge. Vijana walipoishika, niliikumbatia nikapiga yowe. Majirani wakajaa uani.

"Chukueni pikipiki ile pale ukutani," nikasema. "Hiyo ndiyo yake."

"Mama watoto, kazini nitakwendaje?"

"Kwa miguu!"

Majirani walimwita mwenyekiti wa mtaa, akataka hesabu ifanywe mbele ya watu. Pikipiki ikauzwa, deni likaisha.

Mama mkwe alipopata habari alipanda treni kutoka Kigwa. Sijamaliza kumwamkia, akanikatiza: "Umemdhalilisha mwanangu."

"Mama, alijidhalilisha mwenyewe, kule kwenye kikao."

Aliondoka bila kugusa chakula.

Mwaka ule tulilima karanga, na hela ya kila tulichouza niliishika mimi. Mume wangu alikwenda ghalani kwa miguu, na bosi alimpita na gari akimpungia mkono. Hakusimama hata siku moja. Nilimchukia mtu yule kuliko hata wenye kausha damu.

Kisha ikaja kadi nyingine ya mchango, ya mhasibu wa palepale ghalani. Jioni mume wangu akanisimulia alivyowajibu kikaoni: "Nitakuja kupanga viti na kuchota maji. Hela sina." Walimcheka.

Akanitazama. Nilijua anasubiri nimsifu. Nikamsogezea bakuli la mboga. Kumsifu, sikuweza.