Niliunguza Amplifaya, Nikamsingizia Mama Mkwe

Kosa ni langu, na jina langu mniwachie. Si stima iliyoleta balaa, si birika la chai, wala si yule mama wa watu. Ni mimi na ujuaji wangu!

Hapa kwangu Malindi nilikuwa na mtambo wa sinema sebuleni, amplifaya na spika zake. Mzuri, ila besi yake haikunitosha. Nilitaka besi ya kutikisa sufuria jikoni! Basi mdogo wa mke wangu akaolewa, na jamaa zao wa Jilore wakaahidi kuja kwangu Jumapili kutazama video ya arusi. Nikasema, siku hiyo watanijua.

Nikaenda kununua spika mbili kubwa za besi. Muuzaji akaniuliza, "Amplifaya yako inataka ohm ngapi?"

"Spika ni spika, bwana! Nifungie."

Lau ningeigeuza amplifaya nikasoma mgongoni! Imeandikwa wazi: spika ya besi isipungue ohm sita, hicho kipimo cha jinsi spika inavyozuia umeme. Zangu zilikuwa za ohm nne nne, na nilipoziunga zote mbili kwenye tundu moja, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, zikawa kama spika moja ya ohm mbili. Na ohm zikipungua, mashine hulazimika kutoa umeme kupita nguvu zake. Haya nimeyajua baadaye. Wakati ule nilijua kuongeza sauti tu.

Jumapili sebule ikajaa. Mama mkwe hawezi kukaa bure, akaingia jikoni kutengeneza chai. Ngoma za arusi zikaanza. Weee! Vioo vilitetemeka!

Mara amplifaya ikajizima. Nikaigusa, moto kama kikaango. Ilikuwa inajilinda, maskini, nami nikaiwasha tena. Ikajizima, nikaiwasha. Bibi arusi alipoanza kucheza nikaongeza sauti. Pu! Moshi, harufu ya plastiki, kimya.

Wote wakanitazama. Nami, Mungu anisamehe, nikapaza sauti kuelekea jikoni: "Mama, umewasha birika la stima?"

"Ndiyo mkwe wangu, sasa hivi tu."

"Aaa! Ndiyo maana!"

Sikuongeza neno. Uongo wangu wote ulikuwa huo, na ulitosha. Yule mama alitoka jikoni mikono kichwani. "Ole wangu, nimeharibu mali ya mkwe!"

Tangu hapo akawa hagusi swichi. Akija kwetu, jua likizama hukaa gizani mpaka mtu amwashie taa. Kanisani kwao aliomba aombewe. Kisha siku moja akaja na jogoo kwapani. "Mkwe, pokea hiki kidogo, unisamehe."

Mke wangu akampika yule jogoo. Nikapewa paja. Jamani, lile paja halikupita kooni! Nikaweka sahani chini, nikasema yote.

Mama akaniuliza, "Kwa hivyo birika halina makosa?"

"Halina, mama."

"Na mimi?"

"Wewe pia huna."

Akaangua kicheko mpaka leso ikamdondoka. Mke wangu hakucheka hata kidogo. "Ulimsingizia mama mbele ya watu," akasema. "Utakwenda Jilore ukayafute mbele ya watu hao hao."

Nikaenda. Nikasimama uani kwao, nikaeleza ohm sita na ohm mbili kwa wazee waliokuwa wakijibana mbavu. Aibu niliyoipata, acheni tu!

Wenzangu, someni mgongo wa mashine kabla ya kununua spika. Ikijizima, msiilazimishe, tafuteni sababu. Na mkishaiunguza, semeni mmeiunguza! Amplifaya hununuliwa nyingine, lakini jina likishakukaa halibanduki. Mimi siku hizi nikishuka Jilore, watoto hunipokea njiani kwa heshima zote:

"Shikamoo, Bwana Ohm!"