Vifuko Kwenye Mipera

Shemeji mtu alikuwa muuza dawa za wadudu, na kwake kila chenye miguu sita kilikuwa adui. Fundi cherehani, mjane wa kaka yake, alikuwa na mipera mitatu nyuma ya nyumba. Msimu uliopita mapera yote yaliingia funza.

"Safari hii nikikuta funza hata mmoja, naikata," shemeji alisema. "Hapo nitajenga stoo."

"Kwenye kiwanja changu?"

"Cha kaka yangu."

Fundi alivuta kamba kutoka mti wa jirani uliojaa maji-moto, wale chungu wekundu wakali, hadi kwenye mipera yake. Wakavuka. Inzi wa matunda, ambaye mayai yake ndiyo huwa funza, hatagi kwa raha penye maji-moto.

Shemeji alikuja kukagua, akaegemea mti, akacheza ngoma isiyo na mpigaji.

"Unafuga wadudu, mwanamke?"

"Hao walinzi. Wamekosea nini kukuuma?"

Kesho yake, fundi alipokwenda kupeleka sare za shule, shemeji aliingia na pampu akanyunyiza mipera yote. Maji-moto walilala chini kama mchanga mwekundu. Wiki haikuisha, inzi wakaja kutoka bustani za jirani. Sumu ilikuwa imeua mlinzi na kumwachia mwizi mlango wazi.

Mapera yalikuwa bado madogo, magumu, mengi hayajatobolewa. Fundi alikata mabaki ya mapazia mepesi, akashona vifuko vyenye kamba mdomoni, akavisha pera moja moja. Machache yaliyotobolewa na kuanguka aliyafunga ndani ya mfuko mweusi, akayaanika juani mpaka funza wakafa humo humo. Tawi moja tu aliliacha tupu.

Mapera yalipoiva, shemeji alikuja na panga. Majirani wakachungulia ukutani. Alivua kifuko, akapasua: safi. La tano, safi. La tisa, safi. Ndipo akalirukia lile tawi tupu.

"Ehe! Na hawa wanaojinyonganyonga ni nini?"

"Hilo sikuligusa, shemeji. Nililiachia dawa yako peke yake."

"Ndiyo ile uliyoniuzia mimi?" mteja wake mmoja akauliza kutoka ukutani. Kicheko kikalipuka.

"Nilisema hata mmoja!" shemeji alifoka.

"Basi kata tawi lako. Mengine yaguse uone."

Shemeji aliwatazama wateja wake, akamtazama fundi aliyekuwa amesimama mbele ya shina. Akakata tawi lile moja, akaondoka bila kuaga.