Mgomba Badala ya Loyce

Redio ya Devotha ilifungwa kwa mpira wa baiskeli betri zisidondoke, lakini ilisema. Jioni ile ya Juni, akimenya mihogo uani kwake Msimbu, aliisikia ikitangaza kwamba upepo wa kusi umeongezeka, na mawimbi makubwa yanatarajiwa kuzunguka kisiwa cha Mafia. Kisu kikasimama. Binti yake Loyce alikuwa huko huko Mafia, kwa baba yake.

Bahari iko mbali na Msimbu, ila iliingia nyumbani mwake siku Mashauri, mumewe, alipouza ng'ombe wote bila kumuuliza, akaenda kisiwani kununua boti. Alifuatana na mwanamke wa Zegereni. Mwanamke yule alipomkimbia, Mashauri akapiga simu kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani: apelekewe Loyce akampikie. Ukoo wake, uliohamia Msimbu zamani kutoka Ukerewe, ukasema baba ni baba. Devotha akamfungia nguo, mtoto akaenda.

Asubuhi akapiga simu.

"Baba Loyce, nirudishie mwanangu. Redio inasema bahari imechafuka."

"Redio!" Mashauri akacheka. "Mimi mzaliwa wa Ukerewe, nimekunywa ziwa kabla sijanywa uji. Leo mwanamke wa mihogo anifundishe maji?"

"Ziwa si bahari."

"Maji ni maji. Tena hapa hakuna hata upepo, na maji yamerudi nyuma mpaka fungu lote la mchanga liko nje." Akageukia pembeni, simu ikiwa bado wazi. "Loyce! Chukua ndoo, nenda kule kwenye fungu ukaokote chaza. Usirudi mpaka ijae."

"Baba, wenyeji wanasema leo bamvua, maji makubwa ya mwezi. Maji yatarudi kwa kasi."

"Wenyeji waoga. Nenda!"

Simu ikakatika. Devotha akapiga tena na tena, haikupokelewa.

Ziwani kwao Mashauri, pasipo upepo maji hayaendi popote. Ya kisiwani yaliondoka, kisha yakarudi nyuma ya mgongo wa Loyce, kupitia mkondo uliolitenga fungu na pwani, naye akabaki katikati. Kisha mawimbi ya kusi yaliyotoka mbali yakavuka mwamba uliolikinga fungu. Wanakijiji walitoka na mitumbwi. Walipata ndoo.

Mashauri akarudi Msimbu mikono mitupu. Wazee wa ukoo wake wakaamua ukatwe mgomba, uvishwe gauni la Loyce na uzikwe badala yake, na mama ndiye atupe udongo wa kwanza. Pasipo udongo wa mama, walisema, hayo si mazishi.

Msibani Mashauri alikaa kwenye kiti cha plastiki. Kila aliyemshika mkono, yeye alimwambia neno lilelile: "Mtoto alikuwa mkaidi. Nilimkataza, akaenda." Devotha aliyasikia hayo kutoka mkekani, na watu wakiitikia, "Watoto wa siku hizi!"

Kaburini, Adam, mdogo wake Mashauri, akamsogezea udongo. "Shemeji, tupa. Jua linakwenda."

Devotha akaufumbata. "Baba yake aseme kwanza alimwambia nini mwanangu."

"Mama Loyce, hapa si mahali pake," Mashauri akasema.

"Wapi, basi? Sikio langu lilikuwa kwenye simu. Sema ulimtuma."

Mashauri akatazama viatu vyake. "Ulikuwa ukaidi wake."

"Msiba si baraza, mama!" mzee mmoja akafoka.

Devotha akafungua mkono. Udongo ukaangukia miguuni pake, nje ya kaburi. Akashuka shimoni, akauvua mgomba gauni, akalikung'uta mchanga.

"Zikeni mgomba wenu. Mwanangu mkaidi hayumo humu."

Wakauzika hivyo, uchi, wakaondoka bila kula. Tangu hapo wake wa ukoo hawamwiti kwenye shughuli, na wakikutana naye kisimani humwita Mama Mkaidi. Mashauri alikuja mara moja, akasimama mlangoni na kofia mkononi, akaomba gauni ili wamalize mila, maana wazee wanamsumbua.

"Ulimwambia nini?" Devotha akamuuliza.

Akavaa kofia yake, akaenda zake.

Gauni lipo, limetundikwa msumarini juu ya kitanda. Siku atakayosema, atalipata.