Redio Aliyoiuza Kasian

Miaka ile ambapo watu walikuwa wakihamishiwa vijijini, katika nyumba ya wageni ya Mzee Bazilio pale Kibondo alikuwapo dobi mmoja aliyeitwa Ernesta. Wageni walilala kwenye mashuka aliyoyafua, wakaamka, wakaenda zao, na wengi wao hawakuwahi kuuona uso wake.

Ernesta alizaliwa Munanila, kule mpakani na Burundi, akaolewa huko huko. Miaka ikapita bila yeye kushika mimba. Asubuhi moja mashemeji zake walimfungia nguo zake kwenye kitenge, wakamsindikiza hadi kwa kaka yake, wakamwacha uani kama watu waliorudisha jembe la kuazima. Mke wa kaka yake hakumtaka. Ernesta hakugombana na mtu. Alipanda lori la mahindi lililokuwa likielekea kaskazini, na lori lilipoharibika njiani, akashuka. Mahali penyewe palikuwa Kibondo.

Mzee Bazilio alimpa kazi na chumba kimoja nyuma ya nyumba, karibu na kamba za kuanikia. Alikuwa mtu mwema lakini si mtu wa maneno. "Mwakeye," humsalimu asubuhi kwa Kiha, naye huitikia, na mara nyingi hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yake ya siku nzima. Jioni Ernesta alijipikia ugali wa muhogo, akala akiuangalia mlango.

Kasian alikuja na malori. Alikuwa utingo, kijana mrefu mwenye pengo la jino mbele, na lori lao lililala kwa Bazilio kila lilipopita likitoka Kigoma na Kasulu. Dereva akiwa amelala, Kasian alizunguka nyuma kuomba maji ya kunawa. Akishanawa haondoki. Hugeuza ndoo, akaikalia, akaanza kusimulia: daraja lililobebwa na mto, mbuzi aliyekula tiketi ya padre, dereva wao anavyoota ndoto akiita jina la mwanamke ambaye si mkewe. Ernesta alicheka mpaka akaziba mdomo kwa kiganja chenye povu. Alikuwa amesahau kwamba kicheko chake kina sauti kubwa namna ile.

"Dada Ernesta," Kasian alimwambia jioni moja, "wewe unanikumbusha dada yangu marehemu. Hata ukiinama hivyo, ni yeye kabisa."

Tangu siku ile Ernesta akaanza kumwekea kando kipande cha samaki, na akajifunza kuutambua mngurumo wa lori lile tangu likiwa bado mlimani.

Msimu wa mvua ulipoanza, Kasian alikuja amebeba kitu kilichofungwa kwenye gunia. Ilikuwa redio ya rangi ya maziwa, yenye mkanda wa ngozi. Kitufe kimoja kilikuwa kimepotea, na mahali pake palikuwa na kibao cha duara kilichochongwa kwa mkono.

"Niliinunua mwenyewe Kigoma," alisema. "Lakini mama anaumwa, dada. Sipendi kuiuza kwa mtu nisiyemjua."

Ernesta alikuwa na akiba yake chini ya godoro, aliyoiweka bila kujua anaiwekea nini. Aliitoa yote. Kasian akamwonyesha jinsi ya kuwasha na kutafuta mawimbi, akaondoka na lori alfajiri. Mvua ikakata barabara, na hata barabara ilipofunguliwa, lori lilirudi na utingo mwingine.

"Kasian? Aliacha kazi," dereva alisema, kama anayezungumzia ufagio uliokatika.

Ikabaki redio. Ernesta aliifungulia asubuhi na jioni. Alipenda kuliko yote matangazo ya vifo. Alisikiliza majina ya watu wa Songea na Tanga wasiomhusu, orodha ndefu ya ndugu wanaojulishwa, wajomba, shangazi, wakwe, wajukuu popote walipo, akajiuliza tangazo lake yeye likisomwa litamwita nani. Hata hivyo chumba hakikuwa tena kimya kama mwanzo. Mara nyingine alimjibu msomaji wa habari. Msomaji akisema habari za jioni, yeye husema nzuri.

Kisha ikaanza kukoroma. Ernesta aliifunga kwenye kanga, akaipeleka sokoni kwa fundi Makarius, ambaye alikuwa amehamia kutoka Kasulu hivi karibuni. Makarius aliigeuza, akakigusa kile kibao cha duara.

"Umeipata wapi hii, mama?"

"Nimeuziwa."

"Iache. Njoo kesho."

Aliporudi kesho yake, pembeni ya Makarius alikuwa amesimama Koplo Abbasi. Kibao kile Makarius alikichonga yeye mwenyewe, kule Kasulu, kwa ajili ya mwalimu mmoja ambaye redio yake iliibwa baadaye. Ernesta alisikia maneno hayo yote, lakini lililobaki kichwani lilikuwa moja tu: wizi. Alipitishwa katikati ya soko, koplo mbele, yeye nyuma, na wanawake waliokuwa wakipima maharage wakaacha kupima.

Kituoni aliulizwa nani alimuuzia.

"Mpita njia."

"Jina lake?"

"Sikumuuliza."

Koplo Abbasi hakuwa mtu mkali. Alimweleza taratibu kwamba asipotajwa mwizi, mwizi atakuwa yeye. Ernesta alitazama sakafu. Alifikiri: akisema jina lile, basi hata zile jioni za kukalia ndoo zitakuwa mali ya wizi. Akalala mahabusu.

Mwenye redio alifika kutoka Kasulu keshokutwa yake. Aliitwa Mwalimu Mwanaamina, mwanamke wa Pangani, mwembamba, aliyejifunika ushungi mweusi. Aliitambua redio yake mara moja, kisha akaomba aachwe na mtuhumiwa kidogo. Akaketi naye kwenye benchi.

"Dada, pole," alisema. "Mimi sikuja kukufunga. Nataka kukuuliza neno moja. Alikuwa anakuja kuomba maji?"

Ernesta aliinua uso.

"Kwangu alikuwa anaomba maji," mwalimu aliendelea. "Nimepangiwa Kasulu mwaka wa tatu huu. Watoto wa shule wakishaondoka, hakuna anayebisha hodi. Yeye alibisha. Alikuwa anakaa barazani akinichekesha mpaka maghribi. Pengo hapa mbele." Alijigusa jino. Kisha sauti ikapungua. "Na alikwambia unafanana na dada yake aliyekufa?"

Ernesta aliitikia kwa kichwa. Walikaa hivyo, mmoja mweupe wa pwani, mwingine mweusi wa milimani, wasiofanana hata kwa kucha.

"Anaitwa Kasian," Ernesta alisema mwishowe. "Alikuwa utingo."

Mwalimu alimwita koplo, akamwambia mama huyu aliuziwa kwa udanganyifu kama yeye alivyoibiwa. Ernesta akaachiwa. Pale nje walisimama kidogo, kila mmoja akitafuta la kusema. "Karibu Kasulu," alisema Mwanaamina, "ukija uniulizie shuleni." Ernesta akasema asante, atakuja. Wote wawili walijua namna maneno hayo yanavyosemwa. Basi likaja, mwalimu akapanda, redio mapajani.

Kwa Bazilio kazi ilimsubiri, ila stoo ya mashuka ilikuwa na kufuli jipya. Mzee hakumlaumu. Alimfungulia mwenyewe kila asubuhi, akasimama mlangoni mpaka atoke, akafunga. Akaendelea kusema "Mwakeye." Wanawake wa sokoni walimuuzia maharage kama kawaida, lakini walivuta vikapu vyao karibu. Jioni alizima kibatari mapema, kwa kuwa hapakuwa na la kusikiliza.

Mwaka uliofuata, Kasian alikamatwa Kahama na vitu vya watu wengine, akaletwa Kibondo kujibu na shtaka la redio. Ernesta aliitwa shahidi. Alivaa gauni lake la kanisani, akaosha miguu mara mbili. Njia nzima alijiuliza Kasian atamtazama vipi: kwa hasira, kwa aibu, au labda kwa kuomba msamaha. Alikuwa na jibu kwa kila mojawapo.

Kasian alikuwa amekonda. Alisimama kizimbani, macho yakamfikia Ernesta, yakapita.

"Unamfahamu shahidi huyu?" hakimu akauliza.

Kasian alimtazama tena, kwa bidii safari hii, kama mtu anayetaka kusaidia.

"Mheshimiwa, mama huyu simjui."

Ernesta, aliyekuwa hajawahi kumtambua akidanganya hata siku moja, safari hii aliona wazi kwamba anasema kweli. Wanawake waliompa maji katika barabara ile walikuwa wengi mno.

"Na wewe, mama, unamfahamu?"

"Namfahamu," alisema. "Ndiye aliyeniuzia."

Wakamwambia anaweza kwenda. Nje kulikuwa na jua kali la kiangazi, siku nzuri ya kufua. Alivua viatu vyake vya kanisani visiingie vumbi, akavishika mkononi, akateremka peke yake kuelekea kwa Bazilio, ambako mashuka ya wageni wa jana yalikuwa bado hayajalowekwa.