Mfungo wa Mvua na Korongo la Sindano

Thayne Ottley alihitaji watu wawili tu. Mkewe, Ardeth, alikuwa amekubali hatimaye kushuka naye Korongo la Sindano, ila kwa sharti.

"Ukivunjika mguu huko chini, mimi nitafanya nini? Nikuimbie?"

Kwa hiyo wakatakiwa watu wazima wengine wawili, wasio wajinga. Katika mji kama wetu wa Harker hilo si sharti jepesi, lakini Thayne alifundisha hisabati shuleni kwetu mpaka akastaafu, na hakuwa mtu wa kukata tamaa upesi.

Haraka yenyewe ilitokana na macho. Daktari wa mji wa St. George alimwambia Ardeth kwamba kila anachokitazama moja kwa moja kitazidi kufifia, na pengine kufikia Krismasi atabaki kuona pembeni tu. Ardeth aliipokea habari hiyo kama mtu aliyeambiwa bei ya nyama imepanda. Walipokuwa mezani jioni ndipo alisema, "Haya. Hicho chumba chako, nipeleke nikakione."

Chumba ni mahali ndani ya korongo ambapo kuta, zilizobanana mpaka mtu anapita kwa ubavu, zinaachana ghafla, na adhuhuri za Septemba jua linashuka mpaka kwenye mchanga. Thayne alikuwa akimsimulia Ardeth habari zake tangu uchumba. Sisi wengine pia tulishasimuliwa, tupende tusipende. Septemba ikiisha, jua halifiki tena chini hadi mwakani, na mwakani Ardeth asingekuwa na macho ya kuliona.

Kosa la Thayne lilikuwa kumwambia askofu. Kwetu askofu halipwi na kanisa, kwa hiyo askofu wetu, Kendrick Pugmire, siku za kazi huuza matairi, na hajapata kumwacha mteja aondoke na tairi moja.

"Watu wawili, Ndugu Ottley? Na wengine wajisikie vipi?"

"Wajisikie nyumbani, Askofu. Kule ni kwembamba."

"Itakuwa baraka kwa kanisa zima."

Sisi Wamormoni tuna ugonjwa huo: hatuwezi kumnyima mtu mwaliko. Jumapili hiyo ikatangazwa safari ya wote, ya watu ambao hawajawahi kushika kamba, na kabla ya wimbo wa kufunga ibada kulishakuwa na kamati.

Thayne alikuja kwenye kikao na kamba, helmeti, na mkanda wa kuvaa kiunoni na mapajani. Akaeleza kwamba watateremka kwa kamba mara mbili, kwamba kuna madimbwi ya maji baridi ya kufika kifuani, na kwamba zaidi ya watu wanane ni foleni, si safari. Kamati ilimsikiliza kwa upendo mkubwa. Kisha Dada Merlene Sudweeks, mwenyekiti wa chakula kwa muda mrefu kuliko askofu yeyote aliyepata kututumikia, akauliza:

"Mtu mwenye bakuli la viazi anashukaje hapo?"

Alimaanisha viazi vya msibani, vya kuokwa kwa jibini, ambavyo kwetu bila hivyo mtu hazikiki.

"Hashuki na bakuli, Dada Merlene."

"Tutakula nini?"

"Mkate. Karanga."

"Karanga," alisema Dada Merlene, akiwageukia wengine kama muuguzi anayethibitisha kwamba mgonjwa anaweweseka.

Kikao cha pili kilijadili kama mama mkwe wa Ndugu DeVon Pratley, anayetembelea fimbo, anaweza kusaidiwa. Cha tatu kilijadili rangi ya fulana. Kila Thayne aliporudi nyumbani, Ardeth alimuuliza wamefikia watu wangapi, naye akajibu, na Ardeth akasema, "Chumba kina viti?"

Mwaka huo mvua ilikuwa imetusahau. Mfereji wa Ndugu Orval Crofts ulikauka, majani yake ya mifugo yakawa na rangi ya kamba, na alishaanza kuuza ng'ombe wa kuzaa. Kwa hiyo hakuna aliyeshangaa askofu aliposimama mimbarini na kupendekeza mfungo maalumu wa kuomba mvua, tangu mlo wa Ijumaa jioni mpaka Jumamosi jioni.

"Wanaounga mkono waoneshe."

Mikono ya kulia ikapanda yote. Kwetu mkono wa kulia hupanda wenyewe, kama goti linavyoruka likigongwa na daktari. Wa Thayne ulikuwa miongoni mwa mikono ya kwanza.

"Wanaopinga, kwa ishara hiyo hiyo," akamalizia askofu bila kuvuta pumzi. Maneno hayo husemwa kwa desturi tu. Tangu nizaliwe sikuwahi kuona mtu akipinga.

Tulikuwa tumefika mlangoni Dada Merlene aliposimama ghafla. "Jamani. Jumamosi? Si ndiyo safari? Viazi vyangu nani atakula?"

Thayne akawa mweupe kama shati lake. "Tumeiomba mvua siku tunayoingia korongoni," alisema polepole. "Maji yakija mle ndani hakuna pa kukimbilia. Askofu, tusogeze."

"Kura imeshapita, Ndugu. Na fulana zimeandikwa tarehe."

"Basi tuombe inyeshe kwa Orval tu," alisema DeVon, "isivuke ua."

Ardeth alimshika mumewe kiwiko. "Na wewe ulinyoosha."

"Nilinyoosha."

"Nilikuona. Kwa pembeni, lakini nilikuona."

Jumamosi asubuhi magari yalijaa mwanzo wa njia ya korongoni. Watu zaidi ya arobaini walisimama juani ndani ya fulana za rangi ya chungwa, hawajala, hawajanywa, wamejaa imani. Thayne akatangaza kwamba asiyekunywa maji hatashuka. Nusu yao wakakataa kunywa. Wakati hao wakibishana na waliokunywa, yeye alikuwa akitazama kaskazini. Juu yetu anga ilikuwa safi kama sahani, lakini kule kwenye uwanda wa juu, ambako maji ya korongo huanzia, lilikaa wingu moja lenye tumbo la kijivu. Ardeth alikuwa ameshavaa mkanda, na helmeti ilimkaa upande.

"Hatuingii," alisema Thayne.

"Ndugu Ottley, hakuna hata tone!" alisema askofu.

"Kule linanyesha. Likinyesha kule, maji yanapita hapa."

"Yaani tumefunga ili wingu lije," alisema DeVon, "limekuja, tunalikimbia?"

Aliyecheka ni Ardeth peke yake. Tukakaa kwenye ukingo. Baada ya muda korongo likaunguruma kama lori linalomwaga kokoto, maji ya udongo yakapita chini yetu yakibeba magogo, na watu wakavua kofia wakashukuru. Thayne alikunja kamba. Akaikunjua, akaikunja upya. Orval alisimama kando yake akiyaangalia maji yakielekea mto Colorado, ambao haukuwa umeomba chochote. Shambani kwake halikuanguka hata tone.

Kesho yake askofu aling'ara. Wingu lile, alisema, lilikuwa ni dalili, na dalili haiachwi njiani. Akapendekeza mfungo mwingine Jumamosi inayofuata, ambayo ndiyo ilikuwa ya mwisho ya Septemba.

"Wanaounga mkono waoneshe."

Mikono ikapanda. Wa Thayne ulibaki mapajani, ameukamata kwa ule wa kushoto.

"Wanaopinga, kwa ishara hiyo..."

Ardeth Ottley alinyoosha mkono.

Mtu akaangusha kitabu cha nyimbo. Askofu aliinama kidogo juu ya kipaza sauti, kwa huruma. "Dada Ottley, nimesema wanaopinga."

"Nimekusikia, Askofu. Mabovu ni macho."

Hakuna aliyemfundisha askofu afanye nini hapo. "Una... sababu?"

"Nataka jua Jumamosi. Siku moja. Kuanzia Jumapili ombeni hata gharika, nitakuja na mwavuli."

Kanisa zima likageuka kumwangalia Orval, kwa sababu mvua ilikuwa yake kuliko ya mtu mwingine yeyote. Orval alijikuna shingo.

"Ng'ombe wangu wanangoja tangu Aprili," alisema. "Watangoja Jumamosi moja. Ila na mimi nakuja. Nataka nilione hilo jua ninalolilipia."

Mfungo ukasogezwa hadi wiki iliyofuata. Ungedhani mambo yameishia hapo. Mlangoni tulimzunguka Thayne kama nyuki.

"Tunakutana saa ngapi?" aliuliza Dada Merlene. "Safari hii napika mabakuli mawili."

"Fulana bado zipo," alisema askofu. "Tarehe tutaifuta."

Thayne alitutazama mmoja mmoja, kama alivyokuwa akilitazama darasa lililokosa swali lile lile mara ya tatu.

"Hapana," alisema.

Dada Merlene akamgeukia Ardeth apate kueleweshwa.

"Anamaanisha hapana," alisema Ardeth.

Hata hivyo Ijumaa jioni viazi vilifika kwao, ndani ya kopo lenye mfuniko uliozungushiwa utepe wa gundi. "Halivuji," alisema Dada Merlene akiwa bado ngazini. "Nimelijaribu bafuni." Akaondoka kabla hawajamkaribisha ndani, na kwa Dada Merlene hiyo ndiyo hasira.

Orval ndiye aliyetusimulia mengine; Ardeth aliamua kwamba mtu aliyesogeza mvua anatosha kuhesabiwa wawili. Anga ilikuwa tupu kila upande. Ardeth aliteremka akilalamika tangu juu mpaka chini: mkanda unabana, ukuta una baridi, mume wake anatoa maelekezo kama mtu anayeegesha trela. Kwenye madimbwi Orval alilibeba kopo kichwani. Walifika chumbani mapema, wakangoja, na adhuhuri jua likashuka ukutani likaingia mchangani.

Thayne alisimama katikati, mikono kiunoni, akisubiri mkewe aseme neno. Ardeth aligeuza kichwa upande kidogo, kama alivyoanza kufanya siku hizo kila alipotaka kuona kitu vizuri. Akakaa hivyo kwa muda mrefu.

"Ni kidogo kuliko ulivyosema," alisema.

"Ardeth."

"Na umesimama mbele yake. Sogea, Thayne. Bado naangalia."