Kiolezo Kilichozima Kompyuta za Muleba

Mwandiko wangu umelala upande, na huenda herufi nyingine nimezikosea. Niliishia darasa la saba na mkono wangu ni mzito, kwa hiyo naomba mnivumilie. Hata kwenye kompyuta naandika polepole, ingawa ndiko ninakopatia riziki.

Nafanya kazi kwenye duka la fundi mmoja Rwamishenye, hapa Bukoba. Anakusanya kompyuta zilizotumika, anazifufua na kuziuzia shule. Zamani alikuwa akipiga windo, yaani kupakia Windows, mashine moja moja mpaka macho yanamwuma. Baadaye akajifunza njia nyingine. Unaandika kiolezo, yaani faili la maandishi matupu lenye maagizo: lugha iwe ipi, programu zipi ziingie, mashine ijizime saa ngapi. Kompyuta inasoma maagizo hayo na kujenga yenyewe picha, ambayo ni nakala nzima ya mashine iliyokwisha kupangwa. Picha hiyo unaipakia kwenye mashine nyingine zote, nazo zinakuwa sawa kama mapacha.

Bosi alikuwa anasoma kwa sauti, mimi naandika. Nilipenda kazi hiyo kwa sababu haikunitaka niongee na wateja. Lakini ilichosha. Alfajiri nilikuwa kibanjani, shamba letu la migomba kule Kagondo, nikipunguza majani na mama, halafu natembea hadi dukani. Koma moja ikikosewa, picha inagoma katikati na tunaanza upya. Umeme ukikatika, tunaanza upya. Mama hakuipenda kazi ile.

"Unarudi na macho mekundu kama mpika gongo," alikuwa akiniambia. "Na kibanja hiki atakilima nani?"

Kisha mwalimu wa sekondari moja Muleba akachukua kompyuta za chumba kizima. Aliomba zijizime zenyewe saa nane mchana, kipindi chake kikiisha, maana wanafunzi huziacha zikiwaka. Bosi akasoma, "Kuzima, saa nane." Nikaandika nane. Akapitia faili lote, akasema sawa. Asubuhi iliyofuata tulipakia picha, tukazifunga mashine kwenye maboksi kabla ya chakula cha mchana, zikaondoka na basi.

Wiki hiyohiyo mwalimu akapiga simu. Bosi aliweka sauti kubwa.

"Fundi, mashine zako zina mgomo. Saa mbili asubuhi zinalala zote pamoja. Tukiwasha zinawaka. Kesho yake, saa mbili, zinalala tena."

"Labda umeme, mwalimu."

"Taa zinawaka, fundi. Watoto wanasema zikiniona tu zinazimia. Mkuu wa shule ameshasema zirudi Bukoba. Nimemwomba anipe mpaka Ijumaa."

Bosi akafungua kiolezo. Tulikitazama wote wawili.

"Nilisema saa nane," alisema.

"Nami nikaandika nane."

"Na mimi nikapitisha." Alivua kofia yake ya kiua akajifuta nayo uso. "Kompyuta haihesabu kama sisi, binti. Yenyewe inaanza kuhesabu saa sita ya usiku. Nane yake ni saa mbili yetu ya asubuhi. Saa nane ya mchana ilitakiwa uandike kumi na nne."

Tarakimu hizo tunaziona kila siku kwenye kona ya kioo, na kichwani tunazigeuza bila kufikiri. Siku ya kuandika hakuna aliyezigeuza. Na dukani tusingeweza kuona zinazima asubuhi, kwa sababu tunafungua saa tatu.

Nilimwuliza kama haitoshi kwenda kubadili saa kwa mkono kwenye kila mashine.

"Kiolezo kikibaki na kosa, shule ijayo nayo italala. Kirekebishe, jenga picha upya, uipeleke." Halafu akashusha sauti. "Mashine hizi zikirudi, sitakuwa na kazi ya watu wawili. Nakwambia mwenyewe, usije ukasikia kwa mtu."

Kurekebisha kulichukua muda mfupi. Picha ndiyo ilinimaliza. Ilifika katikati, umeme ukakatika. Uliporudi nilianza tena, kichwa nimekilaza mezani, nikisikiliza feni ya mashine hadi picha ikakamilika.

Nilikwenda Muleba peke yangu, flashi nimeifunga kwenye pindo la kanga. Njia nzima nilipanga maneno ya kusema. Nilipopiga magoti kumwamkia mwalimu, maneno yote yakatoweka.

"Waitu, mwalimu, ni saa," nilisema, kwa neno letu la heshima.

"Saa gani?"

"Yetu na ya kwake."

Alingoja. Nilishindwa kuendelea, nikachukua chaki nikamwandikia ubaoni, saa yetu upande mmoja, ya kompyuta upande wa pili. Akacheka.

"Kumbe mgomo ulikuwa na ratiba."

Nilipakia picha mashine moja baada ya nyingine hadi jioni. Nililala kwake, mkewe akanipa ndizi na maharage ambayo sikuweza kuyamaliza kwa usingizi. Asubuhi nilisimama nyuma ya darasa. Saa mbili ikafika, ikapita, vioo vikawa bado vinawaka. "Leo zimeacha utoro," mwanafunzi mmoja akasema. Mwalimu hakuridhika, tukangoja hadi saa nane. Zikazima zote kwa pamoja.

Alimpigia bosi palepale. "Zinabaki. Ila huyu binti wako anauza maneno kwa mafungu, kama karanga."

Bosi akaomba kuongea nami. "Kesho fungua duka wewe," alisema. "Mimi nitachelewa."

Nilifika nyumbani miguu imevimba. Mama alikuwa anamenya ndizi.

"Umerudi kukaa?"

"Hapana, mama. Kesho nafungua duka."

Alinisogezea kisu na ndizi zilizobaki, nikamenya huku nasinzia.

Simfahamu mtu mwingine anayefanya kazi hii huku akihesabu saa kama tunavyohesabu sisi. Kama upo, popote ulipo, tafadhali niandikie, hata mistari michache, uniambie wewe unafanyaje usisahau kuzigeuza. Barua nitaisoma vizuri zaidi kuliko ningekusikiliza ana kwa ana, na nitajibu, ingawa nitachelewa.